Shajara ya mradi: kijitabu cha chiriku buluu wa Gran Canaria

12 Januari 2025

Leo nimefungua daftari hili ili niandike, hatua kwa hatua, kazi ya kutayarisha kijitabu cha kurasa 24 kwa Kiswahili kuhusu chiriku anayeishi katika misitu ya misindano ya milima ya Gran Canaria, kimoja cha Visiwa vya Kanari vya Hispania katika Bahari ya Atlantiki, ambaye porini hapatikani mahali pengine popote duniani. Wasomaji ninaowalenga ni wanafunzi wa klabu ya mazingira ya shule moja ya sekondari inayopakana na shamba la miti huku Mufindi, ambako nilifanya kazi ya ubwana misitu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Wanafunzi hao wamezaliwa chini ya misindano, wameokota kuni chini ya misindano, na wengi wao wamelipiwa ada kwa fedha za mbao zake, lakini nikiwauliza ni ndege gani anayeishi humo hunitazama kama mtu aliyeuliza samaki wa juu ya mti.

Chanzo cha mradi ni ubishi. Binti yangu, ambaye anaishi Las Palmas, mji mkuu wa kisiwa hicho, alinitumia mwaka jana picha ya msindano ulioungua tangu kitako hadi kileleni, gome jeusi kama mkaa, na katika weusi ule yamechomoza majani mabichi kwenye shina lenyewe, utadhani mti umeota manyoya. Nilimjibu kwamba picha hiyo imechezewa. Nimezima moto wa msituni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na msindano wetu, ule wenye asili ya Meksiko ambao wataalamu huuita Pinus patula, ukiungua taji lote haungoji mtu tena isipokuwa mwenye msumeno. Binti akaniandikia: "Baba, njoo uushike kwa mkono wako." Kisha akaongeza kwamba katika msitu huohuo kuna ndege ambaye moto ambao miti iliustahimili ulimwacha pabaya. Jambo hilo lilininyima usingizi: msitu uliopona na ndege asiyepona pamoja nao.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Maandishi ni yangu. Michoro ni ya mpwa wangu, mwalimu wa sanaa mjini Iringa. Binti atanisomea maandishi ya Kihispania na kunieleza yasemavyo. Gharama ni za mfukoni mwangu, na nakala zitakuwa 300.

26 Januari

Wiki mbili zimeishia kwenye jina. Kihispania humwita pinzón azul, na neno la kwanza halikunisumbua kwa kuwa chiriku tunao, wale wadogo wala mbegu ambao huvamia mtama na ulezi, na ukoo wao na wa huyu ni mmoja. Taabu ilikuwa rangi. Mpwa wangu alitaka "samawati", akidai kwamba neno hilo ni zuri kusikika. Nilikataa, kwa sababu samawati ni anga ya asubuhi ya Juni, na ndege huyu hana hata chembe ya anga. Dume lake lina rangi ya moshi wa kuni mbichi unapotazamwa ukiwa na kivuli cha mlima nyuma yake: kijivu ambacho ndani yake kuna buluu. Jike ni la hudhurungi iliyochanganyika na kijanikijani hafifu, na jina lenyewe linamsahau kabisa, kama kawaida ya majina ya ndege.

Tumekubaliana kwa "chiriku buluu", na tutaeleza ukurasa wa kwanza kwamba buluu hiyo si ya sare za shule.

Kuna jambo dogo ambalo nitaliweka kwenye kisanduku pembeni mwa ukurasa. Ndege wa manjano anayefugwa kwenye vizimba na kuitwa kanari alipata jina lake kutokana na visiwa hivi, wala si visiwa vilivyopata jina kutoka kwake. Mwandishi wa Kirumi Plinio alieleza kwamba kisiwa cha Canaria kiliitwa hivyo kwa ajili ya mbwa wakubwa waliokuwa huko, na neno la Kilatini la mbwa ni canis. Kwa hiyo ukifuatilia asili, kanari ni ndege aliyepewa jina la mbwa.

9 Februari

Nimelazimika kuchana kurasa sita.

Nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu "chiriku buluu wa Visiwa vya Kanari" kana kwamba ni ndege mmoja mwenye makao mawili, kisiwa cha Tenerife na kisiwa cha Gran Canaria. Ndivyo vitabu vingi vilivyosema kwa zaidi ya miaka mia. Ndege wa Tenerife alielezwa kisayansi mwaka 1841 na Webb na Berthelot pamoja na Moquin-Tandon, wakampa jina la Fringilla teydea kwa kuwa mlima mkuu wa kisiwa hicho ni Teide. Yule wa Gran Canaria alielezwa mwaka 1905 na Ernst Hartert, Mjerumani aliyekuwa akitunza makumbusho ya Walter Rothschild huko Tring, Uingereza, naye akamwita polatzeki kwa heshima ya Johann Polatzek, Mwaustria aliyekuwa akikusanya ndege visiwani. Hartert alimhesabu kuwa nususpishi tu, yaani tawi la yule wa Tenerife, na akabaki tawi mpaka mwaka 2016, wataalamu walipochapisha matokeo ya kulinganisha jeni, manyoya, vipimo vya mwili, nyimbo, na hata urefu wa mbegu za kiume, wakahitimisha kwamba hawa ni spishi mbili.

Mwanafunzi anaweza kusema hayo ni mambo ya makaratasi. Mimi nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua uzito wa karatasi. Ndege wa Tenerife ni wengi na msitu wao ni mpana, na alipohesabiwa pamoja nao yule wa Gran Canaria alijificha ndani ya wingi wao. Alipopewa karatasi yake mwenyewe ndipo ilipoonekana wazi kwamba ni mmoja wa ndege waimbaji adimu kuliko wote katika ardhi inayohesabiwa kuwa ya Ulaya, na leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Tofauti ambazo mpwa wangu atapaswa kuzionyesha ni hizi: ndege wa Gran Canaria ni mdogo kidogo, rangi ya dume lake inaelekea zaidi kwenye majivu, na mistari miwili ya bawa lake ni myeupe zaidi. Wa Tenerife ameiva buluu zaidi. Kijitabu kitakuwa cha yule mdogo, na yule mwingine atapewa ukurasa mmoja wa kulinganisha.

2 Machi

Sura ya mti. Hii ndiyo niliyoitamani tangu mwanzo, na naona imevimba kuliko nafasi niliyoitengea.

Msindano wa Kanari, Pinus canariensis, una majani yaliyofungwa matatu matatu kama wa kwetu, lakini ni marefu mno, mara nyingi yanapita sentimita 20, na gome lake ni nene lenye matabaka. Chini ya gome hilo kuna machipukizi yaliyolala. Moto ukipita na kuunguza matawi yote, machipukizi hayo huamka na kutoboa gome lililoungua, na baada ya miezi kadhaa mti mzima unakuwa umevaa ile fulana ya kijani niliyoidhania kuwa hila ya kompyuta. Visiwa hivi vimetokana na volkano, na inaelezwa kwamba mti ulizoea moto kabla binadamu hajaleta kibiriti. Kwa bwana misitu aliyetumia nusu ya maisha yake kulima barabara za kuzuia moto kila Mei na Juni, habari kama hii inaleta wivu.

Kuna na maji. Pepo za kaskazini-mashariki hupuliza mwaka karibu wote na kusukuma mawingu dhidi ya milima, na mahali mawingu yanapoupita msitu, majani yale marefu huyakamua: ukungu hugandia sindano, huwa tone, tone hudondoka, na ardhi chini ya mti hulowa ilhali hatua chache kando, pasipo mti, vumbi linapeperuka. Watu wa Mufindi hawahitaji kuelezwa ukungu, maana tunaamka nao, lakini sijawahi kufikiri kwamba sindano ni mtambo wa kutega maji. Nitawaambia wanafunzi wasimame chini ya mti asubuhi ya ukungu wakiwa na sufuria.

Sasa ndege. Chakula chake kikuu ni mbegu za mti huu, na mdomo wake ni mnene kuliko wa binamu yake wa misitu ya chini kwa sababu kazi yake ni nzito. Koni za msindano huu ni kubwa na ngumu. Zinapofunguka magamba, ndege huingiza mdomo, hutoa mbegu yenye ubawa, huuvunja ubawa na kuula moyo wa mbegu, au huziokota zilizokwisha kuanguka. Wakati wa kulea makinda huongeza wadudu, hasa viwavi, kwa kuwa kinda halikui kwa mbegu pekee. Kiota hujengwa juu mtini, na mayai kwa kawaida ni mawili tu. Mpwa wangu aliposoma hapo aliniuliza kwenye simu, "Mjomba, mawili tu? Na kigong'ota naye?" Ndiyo, kigong'ota wa visiwa hivyo hula mayai na makinda akivipata viota. Nikamwambia asimchore kwa uso wa uovu, maana naye yuko kwao.

16 Machi

Nimeongeza ukurasa ambao haukuwa kwenye mpango, kuhusu chiriku wawili katika kisiwa kimoja, kwa sababu wanafunzi wa biolojia wataufaidi.

Tenerife ina chiriku buluu na pia chiriku wa kawaida wa visiwa, ambao wote asili yao ni bara. Wanabiolojia wameeleza kwamba waliingia kwa mawimbi mawili: wahenga wa chiriku buluu walitangulia zamani sana, na wale wa chiriku wa kawaida wakafuata baadaye, wakati ambapo watangulizi walikwisha badilika kiasi cha kutooana nao. Mwaka 1949 Waingereza David Lack na H. N. Southern walichapisha walivyoona Tenerife: chiriku buluu anamiliki misindano, na mwenzake amebanwa kwenye misitu ya majani mapana yenye ukungu na mashamba ya chini. Uzuri wa habari uko La Palma, kisiwa jirani kisicho na chiriku buluu, ambako chiriku wa kawaida anaishi kwenye majani mapana na kwenye misindano pia. Mwenye nyumba asipokuwepo, mpangaji hutumia vyumba vyote.

30 Machi

Sura ya historia. Gran Canaria ni ndogo kidogo kuliko Unguja, takribani kilomita za mraba 1,560, imeviringana kama andazi, lakini katikati yake milima inapanda hadi zaidi ya mita 1,900, kwa hiyo mtu anayeijua Unguja inabidi aiwazie ikiwa imeinuliwa katikati kama hema. Msitu wa misindano ulifunika sehemu kubwa ya miinuko hiyo kabla ya Wahispania kukamilisha kuiteka mwaka 1483. Baada ya hapo vilikuja viwanda vya sukari vya karne ya 16, ambavyo tanuri zake zilikula kuni usiku na mchana. Zikaja mbao za nyumba, kwa maana kiini cha msindano huu kina utomvu mwingi na hakiozi upesi, na dari na roshani za kale za miji ya visiwani zimetengenezwa kwa mbao hizo. Na ikaja lami ya miti.

Hapo kwenye lami niliweka kalamu chini. Walikuwa wakichoma misindano polepole katika tanuri ili kukamua lami ya kuziba nyufa za merikebu, na uwanda mmoja wa milimani bado unaitwa Llanos de la Pez, yaani uwanda wa lami. Kazi ya kuziba nyufa hizo kwa Kihispania ni calafatear. Mafundi wetu wa pwani nao hukalafati majahazi. Neno lilipanda vyombo likaenda kotekote, Bahari ya Kati na Bahari ya Hindi, na mimi nililijua tangu utotoni bila kufikiri kwamba kuna msitu ulioliwa kwa ajili yake.

Msitu uliobaki ulikuwa vipande. Kuanzia katikati ya karne ya 20 serikali ilianza kupanda upya, na misindano mingi inayoonekana leo juu ya Gran Canaria ni ya kupandwa. Ndege alibaki zaidi katika kipande kimoja cha kusini-magharibi, misitu ya Inagua, Ojeda na Pajonales, ambayo sasa ni hifadhi kamili ya takribani hekta 3,900. Shamba la miti nililolifanyia kazi mimi ni kubwa mara nyingi zaidi ya hapo. Nimeiandika sentensi hiyo kijitabuni kama ilivyo, bila kuipamba.

20 Aprili

Michoro ya kwanza imefika. Mti ni mzuri sana. Ndege amekuwa kama shomoro aliyechovywa wino. Nimemwomba mpwa wangu asubiri nirudi na picha.

11 Mei, Tenerife

Binti alinikatia tiketi, na tumeanzia Tenerife kwa sababu huko ndege haonekani kwa bahati bali kwa uhakika. Tulipanda barabara ya kutoka Vilaflor kuelekea Teide mpaka Las Lajas, uwanja wa kupumzikia wenye meza za mbao katikati ya misindano, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kuna mabomba ya maji pale, na moja lilikuwa linavuja.

Sikuhitaji darubini. Dume lilishuka kutoka kwenye tawi, likatua kwenye saruji hatua nne kutoka kwenye kiatu changu, likageuza kichwa upande mmoja kulitazama tone linalokua kwenye mdomo wa bomba, likalingoja lijae, kisha likalinyakua kabla halijaanguka. Lilifanya hivyo mara saba. Mdomo ni mzito kuliko nilivyofikiri, rangi ya risasi, na unapofunga juu ya tone huwezi kusikia kitu, lakini lilipookota mbegu chini ya meza nilisikia waziwazi ule mpasuko mdogo, kama mtu anayevunja njugu kwa meno ya pembeni. Jike lilikuja nyuma yake, likangoja zamu, likanywa kwenye kidimbwi cha chini. Binti alicheka kwamba nimesimama kama mtu aliye kwenye gwaride.

Nimegundua pia kosa la mchoro: shingo. Mpwa wangu amempa shingo ndefu, ilhali huyu ana kichwa kikubwa kilichokalia mabega moja kwa moja.

14 na 15 Mei, Gran Canaria

Inagua hatukuingia, kwa maana hifadhi kamili si mahali pa mzee mwenye udadisi kutembea apendavyo, na wakati wa kutaga ndio huu. Tulikwenda Llanos de la Pez, uwanda ule wa lami, karibu mita 1,700, ambako misindano imepandwa na ambako ndege hao sasa wamo.

Siku ya kwanza hatukuona kitu zaidi ya ukungu. Nilitumia saa hizo kuushika mti. Tulipata msindano wenye kovu jeusi la moto upande mmoja kimo cha mtu na nusu. Gome lilinipa masizi kiganjani, na katikati ya kovu, kwenye ufa, kulikuwa na kishada cha sindano changa za rangi ya kijani-buluu, laini kama ndevu za mahindi. Nilijaribu kukivuta, hakikutoka, kimeshikwa na shina lenyewe. Binti hakusema neno. Alipiga picha tu, na najua atakayeitumiwa.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, tulisikia wimbo mfupi juu ya vichwa vyetu, na baada ya dakika 40 za kuumiza shingo tukaona jike moja likipekua koni. Halikukaa. Lilitoa mbegu mbili au tatu, ubawa wa mbegu ukashuka ukizunguka kama pangaboi, na likaruka kuelekea bondeni. Dume hatukuliona. Nimeamua kwamba jalada la kijitabu litakuwa na jike, kwa kuwa ndilo nililoliona, na pia kwa kuwa jina limekwisha kumpa dume fursa ya kutosha.

8 Juni

Sura ya moto, ambayo nimeiandika mara tatu.

Mwishoni mwa Julai 2007 moto ulizuka Gran Canaria na kuunguza karibu hekta 20,000, ukapita karibu Inagua yote. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya bwana misitu: mwelekeo wa upepo, unyevu wa hewa, mzigo wa majani makavu sakafuni. Rasimu ya pili ilikuwa ya huzuni, na nikaitupa kwa sababu huzuni haielezi kitu. Ya tatu inauliza swali moja ambalo mwanafunzi anaweza kulishika: ikiwa miti ilichipua, kwa nini idadi ya ndege ilishuka?

Jibu liko kwenye muda. Mti ulioungua hutumia nguvu zake kwanza kujivika majani, na koni huja baadaye. Shina lenye manyoya ya kijani ni uhai wa mti, lakini kwa ndege ni ghala tupu, kwa sababu hali sindano bali mbegu. Viwavi wa kulea makinda nao hutegemea majani na vichaka vya chini, ambavyo viliteketea. Ndege anayeishi mahali pengi angehamia kwa jirani. Huyu karibu wote walikuwa katika kipande kimoja. Mti hupimwa kwa miongo, na ndege mwenye mayai mawili hupimwa kwa misimu. Sisi mabwana misitu tulifundishwa kuandika kwenye taarifa "msitu umerejea" pale taji linapofunika ardhi. Nimewahi kuiandika sentensi hiyo mwenyewe, kuhusu vilima vya huku kwetu, na sikuwahi kuuliza nani mwingine alikuwa akingoja.

Agosti 2019 kulikuwa na moto mwingine mkubwa kisiwani, wa takribani hekta 10,000, kwenye miinuko ya kaskazini. Huo nimeupa aya moja tu. Nilishawishika kuongeza, lakini sura ingegeuka orodha ya mioto.

29 Juni

Sura ya jitihada imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kuanzia mwaka 2005 ndege walizalishwa vizimbani katika kituo cha Tafira, karibu na Las Palmas, na kuanzia mwaka 2010 waliozaliwa humo wameachiliwa katika misindano ya La Cumbre, kwenye kilele cha kisiwa, ambako ndiko uliko uwanda wa Llanos de la Pez, ili wasibaki wote katika kapu moja. Serikali ya kisiwa na ya visiwa vyote zimefanya kazi hiyo pamoja na fedha za Umoja wa Ulaya, na sehemu ya kazi ni ya kitaluni, niliyoielewa bila mkalimani: kupanda miche ya msindano ili kuunganisha vipande vya msitu, na kupanda vichaka vya asili chini yake, kwa kuwa msitu wa safu zilizonyooka na sakafu tupu humfaa mwenye kiwanda kuliko ndege.

Jike la Llanos de la Pez, kwa hiyo, huenda bibi yake alianguliwa kizimbani. Mpwa wangu alitaka tuliweke kama hadithi. Nimekataa, kwa kuwa hatukuwahi kuona kama mguuni lilikuwa na pete ya alama au halikuwa nayo. Liliruka mapema mno.

20 Julai

Nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji imekuja, na chiriku buluu ni zambarau. Si kidogo, ni zambarau ya kitenge cha sherehe. Mchapaji alieleza kwamba mashine yake huzisoma rangi kwa namna yake na kwamba wateja wengine hawajalalamika. Nilimjibu kwa adabu kwamba wateja wengine hawana ndege. Mpwa wangu alikaa naye mchana kutwa, wakapunguza wekundu katika faili la picha na kuongeza kijivu, na jaribio la nne likafanana na kile nilichokiona pale bombani. Jike la jalada halikusumbua tangu mwanzo. Hudhurungi haimkosei mtu.

Gharama imepanda kwa robo kwa sababu ya majaribio. Nimepunguza karatasi ya jalada iwe nyepesi badala ya kupunguza nakala.

10 Agosti

Nakala 300 nimezichukua jana. Nilipofika nyumbani nikafungua ya juu kabisa, ukurasa wa 9, nikasoma kwamba majani ya msindano wa Kanari hufungwa "mawili mawili". Kosa ni langu, limo katika mswada wangu wa Aprili kwa mwandiko wangu mwenyewe, na watu watatu tumelipita bila kuliona. Kwa mwanafunzi wa Mufindi, anayeweza kutoka nje ya darasa na kuhesabu matatu kwenye mti wa kwetu, na ambaye sura hiyohiyo imemwambia kwamba miti hii inafanana kwa hilo, kosa hilo haliwezi kuachwa.

Mpwa wangu amekuja na kalamu mbili za wino mweusi. Tunafuta kwa mstari mmoja na kuandika juu yake "matatu matatu", kwa herufi ndogo, kila nakala. Hadi jioni hii tumemaliza 112, na shule inafungua muhula wiki ijayo.